Mwili Upo, Nguvu Zimeondoka: Kisa cha Hajati wa Walukuba

Hajati ana miaka 71 na uzito wa kilo 78. Anaishi Walukuba, mjini Jinja, Uganda, kwenye zile nyumba zilizojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi, mtaa ambao Kiswahili kilishika mizizi kwa sababu watu walitoka kila pembe kuja kutafuta kazi viwandani. Marehemu mumewe alikuwa kiwanda cha nguo. Yeye mwenyewe ana meza ya vitenge sokoni. Alipofika kwenye chumba chetu cha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, alikuwa ameshaanguka mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na mara ya tatu alivunjika mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja. Kisa chake nakisimulia kwa ruhusa yake, na mambo kadhaa nimeyageuza asitambulike.

Karatasi aliyokuja nayo ilisema ameteleza. Bintiye alieleza hivyohivyo: mvua ya alfajiri, matope kwenye njia ya chooni, kandambili zilizolika soli. Sikuwa na sababu ya kubisha. Ila katika mazungumzo likatoka jambo moja lililonifanya niweke kalamu chini. Mjukuu wake alikuwa nyuma yake amebeba birika la maji. Alikanyaga palepale, akateleza vilevile, akapepesuka, akatupa mguu mbele, akasimama. Tope ni lile lile. Kuteleza Jinja msimu wa mvua si habari. Nilichotaka kujua ni kwa nini mguu wa Hajati haukuwahi kufika mbele kabla mwili haujafika chini.

Nilipouliza kama mama amepungukiwa nguvu siku za karibuni, bintiye alikataa katakata. "Mama ni mzima, tazama mwili wake." Kauli hiyo naisikia kila wiki, na siwalaumu wanaoitoa. Katika nchi hii mwili umekuwa cheti cha afya. Wenye umri wangu tunaukumbuka UKIMWI, ugonjwa ambao watu wa wilaya ya Rakai, miaka ya 1980, waliuita Slim kwa jinsi ulivyowakondesha watu hadi wakabaki mifupa. Tangu hapo mtu akikonda majirani hunong'ona, na akinenepa hupongezwa. Hajati ana kisukari kwa miaka 12 sasa. Daftari lake la kliniki limejaa uzito wake wa kila ziara, kilo 76, kilo 77, kilo 78, pamoja na sukari na presha. Hakuna ukurasa hata mmoja ulioandika kama anaweza kuinuka kwenye kiti.

Basi tulianza na kiti. Kiti cha kawaida cha mbao, urefu wa sentimita 45, hakina mikono, kimeegemezwa ukutani. Nilimwomba akunje mikono kifuani ainuke mara tano haraka awezavyo. Mkono wa kulia ulikuwa umetoka kwenye plasta karibuni, kwa hiyo kuukunja tulifanya kwa uangalifu. Aliinamisha kifua mbele, akatikisika mara mbili, tatu, miguu ikasukuma, mwili ukapanda kiasi cha kiganja kimoja, ukarudi chini kwa kishindo. Akajaribu tena. Safari ya tatu mkono wa kushoto ukatoroka wenyewe ukashika paja. Hakuinuka hata mara moja bila mkono. Wataalamu wa Ulaya walioandika upya mwongozo wa sakopenia, yaani upungufu wa misuli wa uzeeni, mwongozo uliochapishwa mwaka 2019, wanasema anayechukua zaidi ya sekunde 15 kuinuka mara tano ashukiwe. Hajati hakufika hata kwenye kuhesabiwa sekunde.

Mengine yalikwenda upande huohuo. Nguvu ya kiganja cha kushoto ilikuwa kilo 13, wakati kwa wanawake mpaka uliowekwa ni 16. Mita nne alizitembea kwa sekunde sita na nusu, ambayo ni kama mita 0.6 kwa sekunde. Mwongozo unaanza kuwa na wasiwasi kuanzia 0.8 kushuka. Viwango hivi vimetokana hasa na vipimo vya Wazungu, kwa hiyo sivichukui kama hukumu ya kadhi. Lakini mtu asiyeweza kuinuka kitini haokolewi na tofauti ya kilo moja au mbili. Kisha nikazungusha utepe kwenye shavu la mguu: sentimita 37. Ni mguu mnene. Tunaanza kushuku kwamba misuli imepungua pale kipimo kinaposhuka chini ya 33 au 31. Kwa utepe peke yake, Hajati angerudishwa nyumbani na pongezi.

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo. Ukubwa wa msuli na ubora wake ni mambo mawili, na huweza kuachana njia kabisa. Kadiri umri unavyosonga, na hasa sukari ikiwa juu kwa miaka, mafuta hujipenyeza ndani ya msuli, katikati ya vifungu vya nyuzi na hata ndani ya nyuzi zenyewe. Mwenye kununua nyama ameona tofauti hiyo buchani: mnofu mwekundu wa paja, na ule wenye mistari myeupe kila mahali. Kwenye mizani vyote ni kilo moja. Kwa mtu aliye hai, ile mistari myeupe haivuti chochote. Zaidi ya hapo inageuza mwelekeo wa nyuzi, inatoa kemikali za uvimbe zinazouchosha msuli, na inaufanya usiitikie insulini vizuri, jambo linaloipandisha sukari, na sukari nayo inazidi kuuharibu msuli.

La pili ni mishipa ya fahamu. Kila kundi la nyuzi za msuli linaamrishwa na neva inayotoka kwenye uti wa mgongo. Uzeeni baadhi ya neva hizo hufa. Nyuzi zilizoachwa yatima ama hunyauka, ama huchukuliwa na neva jirani, na mara nyingi jirani huyo ni wa aina ya polepole. Zinazopotea zaidi ni nyuzi za haraka, zile za kuruka, za kukimbia mvua, za kutupa mguu mbele unapojikwaa. Mtu akiteleza ana muda usiofika hata sekunde moja wa kuweka mguu mahali papya na kuusimamisha mwili juu yake. Nguvu inayokuja ikiwa imechelewa huwa imekuja kusindikiza maiti. Ndiyo maana mzee anaweza kutembea polepole hadi msikitini na kurudi salama miezi kadhaa, halafu jiwe dogo likamwangusha.

Jambo hili lilipimwa kwa watu wengi. Kuanzia mwaka 1997 watafiti wa Marekani waliwafuatilia watu 3,075 wenye miaka 70 hadi 79 katika miji ya Pittsburgh na Memphis. Waliwapiga picha za mapaja kwa mashine ya CT na kuwapima nguvu za miguu kwa miaka kadhaa. Nguvu zilishuka kwa kasi ya karibu mara tatu ya kasi ya kupungua kwa msuli wenyewe. Hata wale ambao msuli haukupungua, au waliouongeza, walipoteza nguvu. Nilimweleza bintiye matokeo hayo nikiwa nimemshikisha paja la mama yake, kwanza akiwa amelegea, kisha akiwa anajaribu kuinuka. Chini ya vidole vyake alitarajia ugumu, akakuta laini. Hakusema kitu, ila hakurudia tena habari ya mwili.

Mashine ya kutazama ndani ya msuli hatukumtafutia. Altrasaundi ingeonyesha paja jeupe badala ya jeusi, kwa sababu mafuta na makovu hurudisha mawimbi mengi, na picha ya CT ingeonyesha msuli usio mzito. Zote mbili ni gharama, na hakuna hata moja ambayo ingebadili nilichokusudia kufanya.

Sababu nyingine za kuanguka tulizipitia, kwani ni nadra mzee kuangushwa na jambo moja. Presha tuliipima amelala kisha amesimama, haikuporomoka. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho changa, akapelekwa kwa wataalamu wa macho. Vidole gumba vya miguu vilikuwa na ganzi kiasi, kisukari hicho. Na kulikuwa na vidonge vya mafua, vile vinavyosinziisha, alivyokuwa akinunua duka la dawa kila jioni ili apate usingizi. Daktari wake alivisimamisha siku hiyohiyo.

Swali lililonifundisha zaidi nilimuuliza mwishoni, tukiwa tunaongea tu: "Hajati, unaswali vipi siku hizi?" Akasema anaswali kitini, mwaka na nusu sasa. Nikamuuliza ilianzaje. Akanihesabia bila kusita, maana swala mtu haisahau. Kwanza alianza kuinuka kutoka kwenye sujudu kwa kuweka mkono mmoja gotini. Baadaye mikono yote miwili. Kisha akahamisha mkeka ukutani ili apate pa kushika. Kisha mjukuu akawa anasimama karibu amwinue. Mwishowe jirani akamwambia dini ni nyepesi, mgonjwa ana ruhusa, akaletewa kiti cha plastiki. Je, magoti yalikuwa yanauma? Hapana. Kizunguzungu? Hapana. "Miguu ilikataa tu, mwanangu."

Ruhusa ipo, na aliyempa kiti alimpa kwa nia njema. Lakini hakuna aliyeuliza miguu imekataa kwa nini. Dalili zote zilikuwa pale mkekani, moja baada ya nyingine, miezi mingi kabla ya kuanguka mara ya kwanza. Na kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Swala tano zina rakaa 17 za faradhi, na kila rakaa mwili unashuka mpaka chini. Bila kuhesabu sunna, huyu mama alikuwa akishuka sakafuni mara 17 kila siku, miaka zaidi ya 50. Alipohamia kitini, alipoteza zoezi kubwa kuliko yote lililokuwa limebaki katika siku yake, na hakuna aliyeliwekea mbadala.

Kilichofuata nadhani kila familia ya hapa inakijua. Alipoanguka mara ya kwanza bafuni, aliambiwa asiteke maji tena. Alipoanguka mara ya pili kizingitini, alikatazwa soko. Akakalishwa barazani kwenye kochi lenye mito, chai inaletwa, maji ya kunawa yanaletwa. Alipovunjika mkono akawa mgonjwa rasmi. "Pumzika, mama, umeshatulea, sasa zamu yetu." Mapenzi hayo ni ya kweli, nami nimelelewa ndani yake. Lakini mwaka 2007 ulitolewa utafiti wa wazee wenye afya njema, si wagonjwa, waliokubali kulala kitandani siku 10. Katika siku hizo walipoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Hajati alikaa kwenye kochi miezi. Kila alipoanguka alipunguziwa kazi, kila alipopunguziwa kazi alizidi kudhoofika, na udhaifu ukamwangusha tena.

Kuna hesabu ya pesa pia. Ruzuku ya serikali kwa wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, ilipoenezwa nchi nzima ililenga wenye miaka 80 na zaidi. Mwenye miaka 71 pensheni yake ni meza yake ya vitenge. Kumzuia sokoni kulimwondolea mapato, mazungumzo, ngazi za kupanda na sababu ya kuvaa vizuri asubuhi.

Nilipotaja mazoezi ya nguvu, bintiye aliogopa. Umri huu abebeshwe vitu vizito? Nikamweleza habari ya Boston, mwaka 1990: wazee 10 dhaifu wa makao ya wazee, umri wa wastani miaka 90, walifanyishwa mazoezi ya uzito ya miguu kwa wiki nane. Msuli wa paja uliongezeka asilimia 9 hivi. Nguvu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo ninalotaka familia zilione: msuli uleule uliokuwa umelala, ukiamshwa, unafanya kazi zaidi ya ukubwa wake. Na kuhusu kuanguka kwenyewe, mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 108 na kukuta mazoezi yanapunguza kuanguka kwa asilimia 23, zaidi kwa wanaochanganya mazoezi ya kusimama bila kuyumba na ya nguvu. Sijui dawa ya kuanguka inayokaribia hapo.

Tulianza na kiti hichohicho, tukakiwekea mito miwili ili kiwe juu. Kazi ilikuwa moja: inuka kwa haraka, keti polepole kwa hesabu ya nne. Haraka ya kuinuka ni ya zile nyuzi zinazopotea. Polepole ya kuketi inaupa msuli mzigo bila kifaa chochote. Alianza na mara sita, akapumzika, akarudia. Alipoizoea tukatoa mto mmoja, kisha wa pili. Baadaye akakumbatia jerikeni la lita tatu, kisha la lita tano. Kusimama kwa ncha za vidole akishika nondo za dirisha. Kupanda na kushuka kwenye kizingiti kilekile kilichomwangusha, mjukuu akiwa kando. Kusimama mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine, kisigino kikigusa kidole, kona ya ukuta ikiwa nyuma yake asiwe na pa kuangukia. Siku tatu kwa wiki, na sikukubali mazoezi yasiyomtoa pumzi. Zoezi la kutikisa miguu umekaa kitini, ambalo wazee wengi hupewa ili waonekane wamehudumiwa, halimwinui mtu.

Chakula nacho kilihitaji kusogezwa. Asubuhi alikuwa anakunywa chai ya rangi na muhogo, mchana posho, yaani ugali, na mchuzi, maharage kidogo. Tumbo linajaa, msuli haupati kitu. Baada ya figo zake kupimwa na kuonekana salama, tulilenga gramu 80 hivi za protini kwa siku, kiasi cha gramu moja kwa kila kilo ya mwili na zaidi kidogo. Kwa bahati Jinja iko ziwani. Mukene mkavu, yaani dagaa wa ziwani, ambao wengine wanauona chakula cha kuku, una protini karibu nusu ya uzito wake au zaidi, na ni rahisi kuliko nyama. Tukaongeza mayai mawili asubuhi, maharage yakawa mengi kuliko posho, na mchuzi wa karanga juu ya mukene. Posho ilipopungua sukari nayo ikatulia.

Chooni fundi alisimika bomba la chuma ukutani la kushikia, na akatengeneza kiti cha mbao chenye tundu kwa matumizi ya usiku. Mchana tulimwacha achuchumae akiwa ameshika bomba, kwa makusudi. Kandambili zikabadilishwa na viatu vyenye mkanda wa nyuma. Balbu ikawekwa njiani.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu. Mapaja yaliuma, akasusa, akarudi. Ramadhani ilipoingia nilidhani tumempoteza. Daktari wake alimshauri asifunge kwa ajili ya vidonge vya sukari, na hilo lilimhuzunisha kuliko mkono uliovunjika. Ni yeye aliyeomba mazoezi yahamie usiku, baada ya wenzake kutoka tarawehe, ili naye awe na kitu cha kufanya kwa bidii mwezi ule.

Baada ya miezi mitatu tulipima upya. Kiti bila mto, mikono kifuani: mara tano kwa sekunde 14. Mita nne kwa sekunde tano, yaani mita 0.8 kwa sekunde, pale pale mpakani. Kiganja cha kushoto kilo 15, bado chini. Uzito kilo 77. Shavu la mguu, sentimita 37 zilezile. Kwa utepe na mizani hakuna kilichotokea. Sijampiga picha ya msuli, kwa hiyo siwezi kusema mafuta yametoka kiasi gani, na najua kwamba sehemu kubwa ya nguvu za wiki za mwanzo ni neva kujifunza upya kuamrisha. Kwake yeye tofauti hiyo haina maana. Ameswali mkekani tangu hapo, akiinuka kwa kuweka mkono mmoja chini. Na siku moja sokoni alijikwaa kwenye robota la mitumba, mguu ukaruka mbele, akashika meza ya jirani, akaendelea na safari. Alinipigia simu kunieleza.

Yaliyobaki si madogo. Mkono wa kulia bado hauna nguvu ya kukunja kitenge kizito, na hofu ya kuanguka haijamtoka; kwenye ngazi za soko bado anasubiri pawe patupu ndipo ashuke. Ganzi ya vidole haitarudi nyuma. Bintiye na yeye wanabishana kuhusu siku za soko: binti anataka mbili, mama anataka tano, kwa sasa wamekubaliana tatu. Muuguzi wa kliniki ya kisukari, baada ya kuona vipimo vya Hajati, ameanza kuwaomba wagonjwa wenye miaka zaidi ya 60 wainuke kitini mara tano kabla ya kupanda mizani. Wanaoshindwa huletwa kwetu hata kama hawajawahi kuanguka, na wengi wao, mpaka sasa, ni watu wenye mwili.